Meza Isiyo na Mwenyeji

Tulikuwa watano ndani ya gari dogo, tunarudi kutoka kwenye shughuli iliyopaswa kuisha asubuhi na ikaisha alasiri. Kula njiani hakukuwa kwenye mpango wa mtu yeyote. Nyumbani chakula kilikuwa tayari, na aliyekipika alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza tumefika wapi. Lakini njaa haipokei simu. Tukasimama pahali pa kwanza tulipoona moto na watu wanakula, tukabanana kwenye benchi moja refu, tukaletewa kilichobaki chini ya sufuria. Kilikuwa kimeungua kidogo. Mjomba wangu, mtu ambaye katika mikusanyiko ya familia husema "nimekubaliana na waliosema" kisha akarudi kimya chake, alitafuna tonge la pili, akaacha kutafuna, akasema: "Mama alikuwa anaunguza hivi hivi. Siku alizokuwa analia."

Benchi zima lilinyamaza. Bibi tunayemjua sisi wajukuu, kwa kusimuliwa, hakuwahi kulia. Na sufuria yake haikuwahi kuungua. Hayo mawili tumeyasikia tangu tukiwa wadogo, kila familia inapokutana, kutoka kwa msimulizi yule yule, mama mkubwa, ambaye siku hiyo alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kijiko kimemsimama kabla ya kufika mdomoni.

"Alikuwa analia nini?" aliuliza mtoto wa binamu yangu. Ana miaka tisa, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba maswali ya namna hiyo hayaulizwi.

Nimelifikiria tukio lile kuliko mambo mengine makubwa yaliyotokea mwaka huo. Kwamba mjomba alikumbuka si ajabu. Kila mtu ana alichokificha au kilichojificha ndani yake. Kinachonisumbua ni mahali. Familia yetu hutenga siku nzima kwa ajili ya kukumbuka: picha zinatolewa kabatini, viti vinapangwa, wazee wanapewa nafasi ya kusema. Katika siku hizo zote mjomba hakusema. Ikaja sufuria ya mtu baki, njiani, kwenye mtoko ambao haukuwa hata mtoko, ikamsemesha kwa matonge mawili.

Jibu la haraka ni pua. Ni jibu sahihi, ila halitoshi, na pale lisipotosha ndipo penye mazungumzo.

Tuipe kwanza pua haki yake. Mwaka 1991 wanasayansi wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walitangaza kugundua familia kubwa ya jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo vinavyofanya kazi. Ulimi, ukiulinganisha na pua, ni maskini. Una utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ule ukolezi ambao mkemia wa Japani, Kikunae Ikeda, aliutambua mwaka 1908 na kuuita umami. Basi. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kwa njia ya nyuma ya mdomo wakati tunatafuna. Asiyeamini abane pua kisha ale. Atabakiwa na chumvi na sukari. Chakula chenyewe kitakuwa kimeondoka. Wengi waliopoteza uwezo wa kunusa walipougua Uviko-19 walilifahamu hilo bila kubana chochote.

Halafu kuna suala la njia. Habari za macho na masikio hupitia kwanza kituo kilicho ndani kabisa ya ubongo kinachoitwa thalamasi, ndipo zigawanywe. Harufu haipangi foleni hiyo. Kutoka puani huingia katika kituo chake kidogo kilicho mbele ya ubongo, na kutoka hapo hufika karibu moja kwa moja kwenye amigdala, inayohusika na hofu na hisia nyingine kali, na kwa majirani wa hipokampasi, ambayo ikiharibika mtu hawezi tena kuhifadhi matukio mapya. Ndiyo maana harufu humkuta mtu kabla hajapata jina la kuipa. Moyo unashtuka kwanza. Akili inafika baadaye ikiuliza kumetokea nini.

Na harufu hupenda utoto. Mwaka 2006 Johan Willander na Maria Larsson wa Uswidi walichapisha utafiti waliowapa wazee madokezo ya aina tatu: maneno, picha na harufu. Maneno na picha yaliwarudisha zaidi kwenye miaka ya ujana wao. Harufu iliwarudisha nyuma zaidi, kwenye miaka kumi ya kwanza ya maisha. Mjomba alipotafuna tonge lile, kwa mujibu wa matokeo hayo, hakwenda alikotaka kwenda. Alipelekwa alipokuwa na miaka saba au minane, mlangoni mwa jiko, anamtazama mama yake kwa nyuma.

Hapo ndipo makala nyingi za jambo hili huishia, na msomaji huambiwa apike chakula cha bibi yake. Lakini hebu fikiri. Mjomba ana zaidi ya miaka sabini. Amekula chakula kilichoungua mara ngapi? Nyumbani kwake mwenyewe, nasema haya kwa heshima zote, huunguza karibu kila wiki. Kama kazi yote ni ya pua, angekuwa amekwisha kutusimulia maisha yote ya bibi kufikia sasa.

Sehemu ya jibu ni kwamba kilichozoeleka hupoteza uwezo wa kuita. Wanasaikolojia wamelijua hili kwa muda mrefu: dokezo lililofungamanishwa na mambo mengi haliiti hata moja kwa nguvu. Harufu ya kuungua jikoni kwa mjomba imeshafungwa kwenye Jumatatu na Alhamisi elfu moja, kwenye simu zilizopigwa wakati mbaya, kwenye ugomvi mdogo na vicheko vidogo. Ukiivuta kamba hiyo, vinakuja vyote kwa pamoja, yaani haji yeyote. Kule njiani harufu ilikuwa ile ile, lakini imetenganishwa na jikoni kwake, kwenye benchi asilolijua, kati ya watu wanaokula kwa kelele. Kamba ilibaki na kitu kimoja tu mwishoni mwake.

Sehemu nyingine ni hali ya mtu anayesafiri. Dorthe Berntsen, mwanasaikolojia wa Denmark, amefanya kazi kwa miaka mingi kuhusu kumbukumbu zinazokuja bila kuitwa, akiwaomba watu waziandike kila zinapowajia katika maisha yao ya kawaida. Matokeo yake yananifurahisha kwa sababu hayana makuu: kumbukumbu hizo ni jambo la kila siku, wala si muujiza wa watunzi wa riwaya, na huwajia watu zaidi pale umakini unapokuwa umelegea. Mtu anaosha vyombo. Anatembea. Yuko kwenye gari anatazama nje. Akilini hakuna anayelinda mlango. Ndani ya gari, isitoshe, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Wote mnatazama mbele, na maneno hutupwa kwenye kioo badala ya kurushwa kwa mtu. Nimesikia katika viti vya nyuma vya magari maungamo ambayo yasingewezekana sebuleni.

Bado naona haitoshi. Kuna jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipoirudia sentensi ya mjomba polepole. Ili aseme mama yake alikuwa akiunguza hivi, ilibidi kwanza aweze kusema kwamba chakula kimeungua.

Nyumbani hilo halisemeki. Chakula cha nyumbani kina mwenyewe, naye yuko pale pale, anakutazama unavyokula. Ukisema kimeungua umemwambia neno yeye. Hata ukisema kinafanana na cha fulani umeshapima, na kipimo kina mshindi na mshindwa. Kwa hiyo tunajifunza mapema kusema "kizuri", neno ambalo hufunga mjadala wa chakula na kufunga pamoja nao kila kitu ambacho chakula kingetukumbusha. Mlo wa mkusanyiko wa familia ndio uliofungwa kuliko yote. Umepikwa kwa siku mbili, umegharimiwa, na waliojitolea kuupika wamechoka. Nani atathubutu kukaa mbele ya kazi hiyo na kusema inamkumbusha mama yake akilia?

Njiani mpishi ni mgeni kwetu na sisi ni wageni kwake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, wakimaanisha kwamba ujio wa mgeni humfaa hata mwenyeji. Kwenye benchi lile wote tulikuwa wageni. Hapakuwa na mwenyeji wa kuponywa wala wa kukwazwa. Hakuna aliyegawa viti kwa umri, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Mama mkubwa, ambaye nyumbani hukaa kichwani mwa meza, alikaa mwisho wa benchi kwa sababu ndipo alipofikia aliposhuka. Binamu alikuwa akila kwa haraka kwani ndiye anayeendesha. Mtoto alikuwa katikati ya watu wazima, urefu mmoja na viwiko vyao, anasikia kila kitu. Sisemi kwamba njaa ya pamoja inafuta vyeo. Huviacha ndani ya gari kwa nusu saa.

Hiyo nusu saa ina uzito, kwa kuwa familia haikumbuki kama mtu mmoja anavyokumbuka. Maurice Halbwachs, mwanasosholojia wa Ufaransa, alilisema hilo tangu mwaka 1925: tunakumbuka ndani ya fremu tulizopewa na kundi letu, na familia ni mojawapo ya makundi hayo. Fremu ina faida, inashikilia picha. Ina kingo pia, na kilicho nje ya kingo hakionekani. Katika familia nyingi nilizozifahamu fremu ina mtunzaji wake. Hakuchaguliwa. Ni yule mwenye sauti nzuri, au mkubwa wa kuzaliwa, au yule aliyekaa na wazazi mpaka mwisho. Anajua tarehe, anajua nani alimwoa nani. Hadithi ikianza, wengine humgeukia.

Kwetu ni mama mkubwa, na sina lengo la kumshitaki. Bila yeye tusingekuwa na hadithi hata moja. Lakini tazama hadithi zake zilivyo. "Mama alikuwa mpishi hodari." "Mama hakuwa mtu wa machozi." "Baba alikuwa mkimya lakini mwenye haki." Hizi zilikuwa kumbukumbu zamani, sasa ni maarifa. Mwaka 1972 Endel Tulving, aliyefanya kazi zake nyingi nchini Kanada, alitenganisha vitu hivi viwili: kujua jambo, na kulikumbuka tukio kwa kurudi ndani yake. Ninajua mji mkuu wa nchi fulani bila kukumbuka nilijifunza lini. Vivyo hivyo mama mkubwa anajua kwamba mama yake alikuwa hodari. Mjomba, kwenye benchi, hakujua kitu. Alikuwa mahali.

Ubaya wa hadithi inayosimuliwa vizuri, tena na tena, ni kwamba haikai tu yenyewe. Huzifukuza jirani zake. Mwaka 1994 Michael Anderson, Robert Bjork na Elizabeth Bjork walionyesha kwa majaribio kwamba kukumbuka baadhi ya mambo katika kundi fulani huyafanya mengine ya kundi hilo hilo yawe magumu zaidi kukumbukwa, magumu kuliko mambo ambayo hayakuguswa kabisa. Kwa maneno mengine, kila unapokumbuka kipande cha siku, vipande vingine vya siku hiyo vinazama kidogo. Hilo ni kwa mtu mmoja. Mwaka 2007 Alexandru Cuc, Jonathan Koppel na William Hirst walikwenda mbele zaidi wakaonyesha kwamba hali hiyo humkuta pia anayesikiliza. Msimulizi akitaja hili na kuliacha lile, msikilizaji naye lile linaanza kumpotea, ingawa yeye hakufungua mdomo.

Ukiliweka jambo hilo katika familia linatisha. Miaka arobaini ya mama mkubwa kutusimulia sufuria isiyoungua haikuwa miaka arobaini ya mjomba kuficha siri. Inawezekana kabisa kwamba kila alipokaa pale akisema amekubaliana na waliosema, alikuwa kweli anakubaliana, na kwamba mama yake anayelia alizidi kuzama kila hadithi ilipopigiwa makofi. Tulidhani tunahifadhi. Tulikuwa pia tunafuta, kwa nia njema, tena kwa pamoja.

Kwa hiyo thamani ya mtoko usiopangwa, kwa maoni yangu, haiko kwenye furaha yake, ingawa furaha ipo. Mlo wa bahati hauna ratiba ya hadithi. Hakuna anayesema "sasa tumsikilize". Dokezo linapita mezani kama sahani inavyopita na linaweza kumwangukia mtu yeyote, hata yule ambaye hajawahi kupewa zamu. Ni njia pekee ninayoijua ambayo familia inaweza kusikia jambo kuhusu yenyewe bila kulipitisha kwanza kwa mtunzaji wa fremu.

Narudi kwenye benchi, maana nilimwacha mama mkubwa na kijiko chake hewani.

Alikishusha. Akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Si Mama aliyekuwa anaunguza. Siku hizo nilikuwa napika mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja."

Sitaeleza yaliyofuata yote, mengine si yangu kuyaeleza. Lakini angalia kilichotokea. Yule tuliyemdhani mlinzi wa sifa za mama yake alikuwa, kwa namna fulani, mtoto aliyebeba sufuria kubwa kuliko mikono yake, na sentensi ya "sufuria ya mama haikuungua" ilikuwa kweli tupu. Haikuungua kwa sababu siku za kuungua mama hakuwa jikoni. Hadithi rasmi haikuwa uongo. Ilikuwa imekatwa kwa uangalifu sana, na aliyeikata alikuwa ametoa mambo mawili kwa mkasi mmoja: machozi ya mama yake na utoto wake mwenyewe.

Au pengine sivyo. Maana mjomba naye alishikilia lake. Alisema anauona mgongo wa mama yake, anaiona nguo. Mama mkubwa akasema nguo hiyo alikuwa akiivaa yeye. Wakabishana, watu wazima wawili wenye mvi, kuhusu nguo, huku chakula kinapoa na mtoto anageuza shingo upande huu na upande ule kama anayetazama mpira.

Nani yuko sahihi? Hapa lazima niwaonye wanaoamini kwamba kumbukumbu iliyokuja na harufu ni ya kweli zaidi. Rachel Herz, mwanasaikolojia ambaye amechunguza suala hili kwa miaka mingi, amekuta kwamba kumbukumbu zinazoamshwa na harufu huja na hisia nzito zaidi na humfanya mtu ajione amerudishwa kabisa kwenye tukio. Hazikuwa sahihi zaidi kuliko nyingine. Uhakika anaouhisi mjomba unatoka kwenye amigdala, na amigdala haina hati za kuthibitisha lolote.

Familia, zaidi ya hayo, ni hatari kama shahidi. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell walichukua watu 24, wakawapa visa vya utotoni vilivyotolewa na ndugu zao. Vitatu vilikuwa vya kweli. Cha nne, cha kupotea katika jengo kubwa la maduka, kilibuniwa. Watu 6 kati ya 24 waliishia kukikumbuka kisa hicho, wengine kikamilifu, wengine nusunusu. Ilitosha kuambiwa kwamba ndugu yako ndiye aliyesimulia. Nimewahi kujiuliza ni mangapi ninayoyakumbuka kuhusu bibi ambayo sikuyaona, ila niliambiwa mara nyingi mpaka yakajitengenezea rangi. Kuna moja namwona akicheka akiwa ameegemea mti. Mti huo, niliambiwa baadaye, ulikatwa kabla sijazaliwa.

Kwa hiyo mtoko wa ghafla hautoi ukweli. Unatoa mzozo, na naona mzozo ni maendeleo. Sebuleni tulikuwa na toleo moja lisilo na mpinzani. Kwenye benchi tulipata mawili, yanayogombea nguo moja, na kati yake, kwa mara ya kwanza, nilimwona bibi kama mtu aliyekuwa na siku mbaya. Sikujua kwamba nilikuwa nimemkosa.

Niseme pia, kwa ufupi, kwamba si kila kinachoamshwa kinastahili kuamshwa mbele ya watu. Mwili una kumbukumbu za chakula ambazo hazina utani. Katikati ya miaka ya 1950 John Garcia na wenzake waliwapa panya maji yenye ladha ya sakarini huku wakiwapitishia mionzi inayochefua. Panya hao waliikimbia ladha hiyo baadaye. Kazi zilizofuata zilionyesha kwamba mara moja tu inatosha, hata kama kichefuchefu kinakuja saa kadhaa baada ya kula. Karibu kila familia ina mtu mmoja asiyekula kitu fulani na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Wanamtania. Wanasema anadeka. Siku mkisimama njiani na kitu hicho ndicho pekee kilichopo, muacheni akae na njaa yake. Huenda anachokikataa si chakula.

Sasa ni lazima nikiri ujinga wetu. Baada ya safari ile binamu yangu, ambaye ni mtu wa mipango, aliona kwamba tumegundua dawa. Akasema turudi pale, safari hii kwa makusudi, wote, tena tuwachukue na waliokosa. Simu zirekodi. Maswali aliyaandika kabisa. Nilimwambia, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuyasoma haya, kwamba ubongo hujifunza zaidi pale mambo yanapokwenda tofauti na ulivyotarajia. Kazi za Wolfram Schultz na wenzake kuhusu dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari, zilizoelezwa kwa kina mwaka 1997, zilionyesha kwamba seli husika huwaka kwa zawadi isiyotarajiwa na kunyamaza kwa ile iliyokwisha kutabiriwa. Akaniuliza kama nimekataa kuchangia mafuta ya gari. Nikachangia.

Nilimwambia pia kuhusu simu. Linda Henkel, mtafiti wa Marekani, alichapisha mwaka 2014 matokeo ya kuwatembeza watu kwenye jumba la makumbusho: vitu walivyovipiga picha nzima walivikumbuka kwa uchache kuliko vile walivyovitazama tu. Hilo alilipuuza vizuri zaidi.

Tukaenda. Magari mawili, watu kumi na moja, siku ya mapumziko, hali ya hewa nzuri. Mpishi alikuwa amepigiwa simu siku mbili kabla ili ajiandae, na alijiandaa. Meza zilikuwa zimeunganishwa. Mama mkubwa alipewa kiti cha kichwani, akakikalia. Alisimulia jinsi mama yake alivyokuwa mpishi hodari, akasimulia vizuri, na safari hii aliposema sufuria haikuwahi kuungua alinitazama mimi kwa nukta moja kisha akaendelea. Yule mtoto wa miaka tisa alikuwa meza ya watoto, mbali, na wenzake.

Simu ya binamu ilikuwa imeegemezwa kwenye jagi la maji, inarekodi. Chakula hakikuwa kimeungua hata chembe. Mjomba alikula, akamaliza, akafuta mdomo, na binamu alipomgeuzia simu na kumuuliza kama kuna lolote analolikumbuka, alisema amekubaliana na waliosema.